Bastola ya Mfuata Damu

Vijana wangu, mkija kunitembelea hapa kwangu, mtaa wa Chemchem, hamjamaliza hata kukaa vizuri mnaniuliza kama ni kweli wakati wa Mwingereza nilipewa bastola. Ni kweli. Nilitembea nayo kuanzia mbuga za Ugalla mpaka Usoke na Urambo, nikiifuata na kuikata ile njia ya zamani ya misafara, na najivunia jambo hilo bila kuona haya. Halafu mnaniuliza swali la pili, nalo ndilo linalonichekesha: niliua simba wangapi? Hata mmoja. Na mtu akija kukuambia kwamba yeye kaua simba kadhaa kwa bastola, mpe chai, msikilize kwa heshima, kisha muage aende zake.

Ninaandika haya kwa sababu wengine wenu mmeajiriwa kulinda pori, na nimewaona mnavyoning'iniza silaha kiunoni kama watu wa sinema. Kaeni kidogo niwaeleze bastola ni ya nini kwa mtu wa porini, ivaliwe wapi, na itoke lini. Mimi nilifundishwa na mtu aliyejua, na nikawahi kumlipa mafunzo yake siku moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka kifua changu kinapanuka.

Wakati ule Tabora palikuwa na afisa wa wanyamapori, Mwingereza mmoja mrefu mwenye masikio yaliyoungua na jua. Watu wote walimwita Bwana Nyama. Sisi tuliofanya kazi chini yake tukaitwa askari wa nyama, na kina mama wa sokoni walidhani tunagawa kitoweo. Mara nyingi nimesimamishwa njiani na mtu mwenye kapu, akiniuliza leo kuna maini.

Kazi yenyewe ilikuwa kuwalinda wakulima. Tembo wakiingia mashambani tuliitwa. Simba akizoea njia ya watu tuliitwa. Lakini kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kumfuata mnyama aliyejeruhiwa. Mtu kampiga nyati kwa gobore, kamkosa pale palipostahili, kakimbia nyumbani. Nyati naye kaingia kichakani na maumivu yake, anamngoja yeyote atakayepita. Yeyote anaweza kuwa mwanamke anayetafuta uyoga. Basi huyo mnyama lazima afuatwe mpaka mwisho, na sisi ndio tuliokwenda.

Tulikwenda wawili. Mmoja alishika bunduki kubwa na macho yake hayakutua chini hata kidogo. Mwenzake alisoma damu. Msoma damu anainama, anafunua majani, anagusa tone kwa kidole aone limekauka kiasi gani, anasogeza kijiti. Mikono yake yote miwili ina shughuli. Hawezi kubeba bunduki, na macho yake yako ardhini wakati mnyama yuko mbele yake au, mbaya zaidi, pembeni yake. Mimi, Yakobo Luhende, mtoto wa wakulima wa Kimoraviani wa upande wa Urambo, nilikuwa msoma damu. Kwa miaka yangu ya kwanza nilikuwa na panga tu.

Aliyeshika bunduki alikuwa Sajini Athumani, Mmanyema wa Isevya, mtaa wa hapo Tabora. Alikuwa ametoka Keya, lile jeshi la Mwingereza, amepigana Burma, amerudi na kikohozi na tabia ya kukunja blanketi lake kama karatasi. Alikuwa mfupi, amejaa kidogo, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. Alipoishusha zaidi ndipo tulipojua amekasirika. Siku moja tulirudi kutoka kumfuata nyati, na huko nilikuwa nimekimbilia juu ya mti wa miiba, suruali yangu ikabaki mtini. Sajini akaingia kwa Bwana Nyama na mavumbi yake, nami nikasimama mlangoni nikijifunika kwa gunia.

"Bwana, msoma damu wangu anatembea mikono mitupu," akasema.

"Ana panga," Bwana Nyama akajibu.

"Panga ni la kuni, Bwana. Mtazame."

Bwana Nyama akanitazama mimi na gunia langu, akacheka mpaka akatoa kitambaa kujifuta macho. Lakini alilichukua neno lile kwa uzito. Alikwenda kwa Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya, na huko nasikia palikuwa na ubishi mkubwa, maana hawakuzoea kumwona Mwafrika na bastola. Mwisho wakakubaliana: bastola itakaa katika ghala la silaha la boma, tukitoka kwenda porini nitapewa, tukirudi nitaikabidhi kabla ya kunywa hata maji. Kwa namna hiyo nikawa msoma damu wa kwanza katika kikosi chetu kuvaa bastola.

Msidhani niliivaa siku ile. Sajini alichonga kipande cha mninga, akakipima mkononi, akakichonga tena mpaka uzito wake ukafanana na bastola, akakitia ndani ya ala ya ngozi, akanifunga.

"Hii ndiyo bastola yako mpaka nitakaposema vingine."

Nikatembea na gogo tumboni kiangazi kizima. Sokoni Isevya waliniona. "Yakobo, siku hizi unauza michi?" Nilipanda nalo mitini, nilitambaa nalo, nilivuka nalo mito, nililala nalo. Wakati wowote, hata nikiwa na tonge la ugali mdomoni, Sajini angesema kwa ile sauti yake ndogo, "Chui," na mimi nilitakiwa kulitoa gogo na kulielekeza. Nikichelewa, kitoweo changu kilikuwa chake. Kiangazi kile Sajini alinenepa.

Sasa sikilizeni mahali pa kuivaa. Wengi wenu mnaiweka ubavuni kwa sababu inapendeza. Porini ubavuni ni mahali pabaya. Ukiinama, ala inanasa vijiti. Ukipita katika kichaka, kila tawi linajaribu kuifungua. Ukiangushwa, unailalia, na mnyama yuko juu yako. Sajini aliniweka bastola tumboni, kushoto kidogo chini ya mbavu, mpini ukitazama mkono wa kulia. Hapo mkono unafika ukiwa umesimama, umechuchumaa, umekaa, au umelala chali. Iwe na kamba imara ya kuipitisha shingoni, ili ikikuponyoka isipotee majanini. Na ala iwe na kifuniko cha kifungo kinachofunguka kwa kidole gumba, maana mikono yako siku hiyo itakuwa imesahau mambo madogo madogo.

Na hili la kuchuchumaa msilicheke. Aliniuliza mwanzoni kabisa:

"Ukienda haja porini, bunduki unaiweka wapi?"

"Naiegemeza kwenye mti, Afande."

"Mti uko wapi?"

"Karibu."

"Karibu na nani? Na wewe au na simba?"

Watu wengi wa porini hawakuumia wakati wa kuwinda. Waliumia wakichota maji, wakichuna mnyama ambaye tayari kafa, wakiokota kuni, wakifunga kamba za viatu. Bunduki ilikuwa imeegemezwa mahali. Bastola ni ya saa hizo. Ndiyo silaha unayokuwa nayo wakati silaha yako haipo.

Ilipofika siku ya risasi za kweli, nilidhani nitapiga vibuyu kutoka mbali kama askari wa gwaride. Sajini alikataa kabisa. Alitundika kibuyu kwenye tawi, akanisogeza mpaka karibu kukigusa. "Bastola ni mkono wako uliorefuka kidogo. Pale mkono haufiki, isahau." Akawa anakisukuma kibuyu kinayumba huku na huku nami nipige. Akaja nyuma yangu akanivuta shati nianguke, nami nipige nikiwa chini. Na kila mara, kabla na baada ya risasi, alitazama kitu kimoja tu: kidole changu. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umeamua, na ukishapiga kitoke tena. Alitazama kidole changu kama mama anavyotazama mikono ya mtoto kabla ya chakula.

Bastola ile ilikuwa ya silinda inayozunguka, ya risasi sita, lakini tuliweka tano; tundu lililo chini ya nyundo tuliliacha tupu, kwa sababu mtu wa porini huanguka, na silaha huanguka naye. Mafuta kidogo sana, ya kupaka na kufuta. Mafuta mengi hukusanya vumbi la kiangazi, na vumbi la kwetu mnalijua. Masika unaifuta kila unaposimama, hata kama umechoka, hata kama mvua haijakatika.

Habari ya mafuta inanikumbusha ala ya Sajini mwenyewe. Alikuwa na ala yake ya tangu vitani, aliyoipenda kuliko saa yake, ingawa siku hizo ilibeba kisu tu. Tulipokuwa kambini upande wa Ugalla aliiona imekauka, akaipaka mafuta ya nguruwe pori aliyoyapata kwa wawindaji, akaitundika nje ya hema inyonye vizuri. Alfajiri tukasikia kitu kinatafuna. Tulipotoka, fisi alikuwa anaondoka taratibu na mkanda unaning'inia mdomoni kama mtu anayekula tambi. Sajini akasimama na kikoi chake, kisu mkononi, akimtazama. Mimi nilijiuma mdomo nisicheke.

"Afande, tumfuate?"

Alifikiri. "Mwache. Mimi Mwislamu niliyepaka ala mafuta ya nguruwe, nitakwenda kumweleza nini?"

Jioni ile alicheka mwenyewe mpaka kikohozi kikampanda.

Mnauliza pia kama niliwahi kuitoa na nisipige. Mara nyingi, na ninajisifu kwa hizo zaidi. Siku moja nilikuwa naosha miguu kwenye chemchemi, nikainua kichwa, simba jike yupo ng'ambo ya maji na watoto wake wanamzunguka miguuni. Masikio yalikuwa yamelala nyuma. Bastola ikawa mkononi, kidole nje. Nikamwambia kwa Kinyamwezi, polepole, kama ninavyomwambia mtu mzima niliyemkuta chumbani kwa bahati mbaya, kwamba mimi naondoka, mayu, yaani mama, samahani. Nikarudi kinyumenyume, miguu mitupu juu ya mawe, mpaka miti ikatutenganisha. Kama ningepiga, ningemjeruhi mama mwenye watoto na silaha isiyoweza kummaliza, na kesho yake ningeitwa kumfuata. Sajini aliona yote akiwa juu kwenye mwamba na bunduki yake begani. Nilipomfikia hakunisifu. Alitoa mfukoni michembe yake yote, ile ya viazi vitamu aliyoipenda sana, akanipa.

Basi, nifike kwenye siku yenyewe.

Ng'ambo ya Usoke, kandokando ya ile njia ambayo mababu zetu walipita na mizigo ya pembe kwenda pwani, palikuwa na kijiji cha wafuga nyuki. Mwanamume mmoja wa pale, Shija, alimkuta chui katika zizi la mbuzi, akampiga kwa gobore. Chui akaondoka na vyuma mwilini. Hakwenda mbali. Alijilaza katika vichaka vya njia ya kisimani, na asubuhi moja akamrukia mwanamke aliyebeba mtungi, akamrarua bega kabla wenzake hawajapiga kelele. Tangu hapo hakuna aliyekwenda kisimani. Watoto walikuwa wanakunywa maji ya madimbwi yaliyobaki mbugani, na wengine walikuwa wameanza kuharisha. Bwana Nyama alikuwa safarini Kigoma. Tukaenda mimi na Sajini.

Mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, alitupokea na wazee wake.

"Mwangaluka, wageni."

"Mwangaluka, baba. Shikamoo."

"Marahaba." Alinitazama tumbo. "Na wewe kijana, hicho ni nini?"

"Bastola, baba."

"Ya kuulia nini?"

"Ya kunirudisha nyumbani."

Wazee wakacheka. Mwanangwa hakucheka. "Chui wetu ni mkubwa. Hicho kitamkuna tu."

Sajini hakutaka mtu wa tatu, lakini Shija aliomba sana. Alisema yule mwanamke aliyeraruliwa ni shangazi yake, na risasi mbaya ilikuwa yake. Sajini akamkubalia kwa sharti kwamba atembee nyuma na gobore lake lielekee juu.

Tulianza jua likiwa limeshapanda vizuri, maana kivuli kirefu humsaidia chui. Damu ilikuwa kidogo. Niliikuta juu ya mabua, kimo cha goti langu, upande wa kulia tu; kwa hiyo jeraha lilikuwa nyonga ya kulia, na miguu ya mbele ilikuwa mizima. Mahali pawili nilikuta amelala na nyasi hazijainuka bado. Hakuwa anakimbia. Alikuwa anasogea mbele yetu anavyotaka. Nikamwonyesha Sajini kwa vidole. Akaitikia kwa kichwa.

Tukafika penye kichuguu kikubwa. Damu ikafika hapo, ikakata. Niligeuza majani, nikatafuta mbele, hakuna. Nikatazama nyuma kwenye nyayo zetu wenyewe, nikaona kandokando yake nyasi zimelazwa upya, na hapo ndipo nilipoelewa: alikuwa amezunguka. Alikuwa amerudi sambamba na njia yake ili atutazame tukipita. Niliinua mkono kumsimamisha Sajini.

Chui alitoka kushoto, nyuma kidogo ya Sajini, na mlio mmoja kama mtu anayekohoa. Sajini aliwahi kugeuka nusu. Bunduki ikamruka mikononi, ikaangukia upande wa pili wa kichuguu, na yeye akaenda chini na chui juu yake. Alifanya jambo alilowahi kuniambia na ambalo sikuamini mtu anaweza kulifanya: alimpa mkono. Aliuingiza mkono wake wa kushoto mdomoni mwa chui, ndani kabisa, ili asipate shingo.

Shija akashusha gobore.

"Shija, weka chini! Utamuua Sajini!"

Bastola ilikuwa tayari mkononi mwangu. Mpaka leo sikumbuki kuitoa. Nilikimbia nikapiga magoti mavumbini ubavuni mwa chui, nikamkamata ngozi ya shingo kwa mkono wa kushoto. Ngozi yake ni legevu, vijana, inateleza juu ya nyama kama shati kubwa, na chini yake nilisikia nguvu ambayo sijaisikia tena maishani. Harufu yake ilikuwa ya kidonda. Nikauweka mtutu nyuma ya sikio. Na ng'ambo ya sikio lile, sawasawa na mtutu, niliona jicho la Sajini.

Ningepiga hapo, risasi ingepita kwa wote wawili.

Chini ya chui, katikati ya mngurumo ule, nikasikia ile sauti ndogo: "Yakobo. Zunguka. Upande wa jua."

Alisema hivyo kana kwamba ananiomba nimpishe mlangoni. Nikamwamini. Bila kuiachia ngozi, nikazunguka kwa magoti, chui akininyofoa suruali na paja kwa kucha za nyuma, mpaka nikamwona Sajini yuko pembeni na mbele ya mtutu kuna kichuguu peke yake. Nikabana mtutu nyuma ya sikio mpaka nikausikia mfupa. Nikapiga. Nikapiga tena.

Chui akawa mzito ghafla, mzito kama gunia lililoloa. Mimi na Shija tulimsukuma. Tulitenganisha taya kwa mpini wa panga kupata mkono wa Sajini. Kifua chake kilikuwa kimechanika, mkono sitaueleza. Alinitazama usoni, kisha akatelemsha macho yake polepole hadi kwenye bastola. Alikuwa anatafuta kidole changu. Kilikuwa nje.

"Vizuri," akasema. Kisha akazimia.

Kucha na meno ya chui yana uchafu unaoua baada ya siku, hata kama jeraha ni dogo. Tulimbeba mpaka kijijini, tukachemsha maji, tukaosha kwa chumvi, tukamwaga ile dawa ya zambarau tuliyopewa kwa kazi hiyo, ndani ya kila tundu, si juu juu. Alizinduka kwa maumivu, akatukana kwa lugha ya Burma. Shija alifunga paja langu kwa kitambaa cha mkewe.

Watu wa kijiji walitengeneza machela kwa miti na kamba za magome. Wale wazee waliocheka asubuhi ndio waliokuwa wa kwanza kuinama kushika. Baba zao na babu zao walikuwa wapagazi, na nakwambieni, upagazi ulikuwa bado upo mabegani mwao. Walishika ile njia ya zamani kwa mwendo mmoja, mtu wa mbele akiimba mstari, wengine wakiitikia, wakipokezana bila kusimama na bila machela kuyumba. Mwanangwa mwenyewe alibeba zamu. Mimi nilichechemea nyuma nikiwa nimebeba bunduki na bastola, na kila kijiji tulichopita watu walitoka na maji. Huko nyuma tulikotoka, wanawake walikuwa tayari wameshuka kisimani na mitungi yao.

Tulipofika stesheni ya Usoke, treni ya mizigo ilikuwa inakuja kutoka Urambo na haikupangiwa kusimama. Stesheni masta, Mhindi mmoja mzee mwenye miwani, aliona machela, akachukua bendera nyekundu bila kuuliza swali. Sajini alilazwa katika behewa la gadi, lile la mwisho la msimamizi wa treni, juu ya magunia, kichwa chake juu ya mapaja yangu, hadi Tabora.

Madaktari waliuokoa mkono. Vidole viwili vilibaki vimekunjika daima. Mkewe, Bi Zuhura, alikaa kando ya kitanda na bakuli la uji, akimlisha na kumgombeza kwa zamu. Bwana Nyama alirudi kutoka Kigoma, akaja moja kwa moja na mavumbi ya safari. Alimsikiliza Sajini, kisha akanisikiliza mimi.

"Yakobo, ningekuwa mimi, ningepiga mara ya kwanza," akasema. "Na ningemuua." Akaagiza kila msoma damu katika kikosi apewe bastola, na wote wafundishwe na sisi wawili. Sajini hakushika tena bunduki kwa kazi, lakini sauti yake ilitosha. Tulifundisha pamoja mpaka bendera ikabadilika, na vijana wetu walifuata damu katika pori lote lile, na kila mmoja wao alirudi nyumbani kwake na miguu yake.

Siku alipotolewa hospitali nilimsindikiza Isevya. Nilimshika hadi barazani, nikamkalisha, nikasimama nje ya mlango niage, kama ilivyo adabu kwa mtu asiye wa nyumba ile. Bi Zuhura alitoka ndani. Alikuwa mwanamke mrefu, wa watu wenye dini sana, na mpaka siku ile alikuwa ameniita "askari" tu. Aliushika mkono wangu wa kulia kwa mikono yake miwili, akaugeuza, akautazama kiganja, akautazama nyuma.

"Wewe una mama?"

"Ninaye, Bi Zuhura. Yuko Urambo."

"Basi sasa unao wawili. Kuanzia leo, Yakobo, ukija nyumba hii usipige hodi."

Sikupiga hodi tena. Niliingia mlango ule nikiwa kijana, nikaingia na mke wangu, nikaingia na watoto wangu, wakati wa Idi na wakati wa Krismasi. Na miaka mingi baadaye, siku tulipomtoa Sajini Athumani kwenye mlango huo huo akiwa juu ya jeneza, wanawe walikuwa wamejipanga kulipokea. Mkubwa wao akaniona nimesimama kando na kofia mkononi, mimi Mkristo, nikidhani mahali pangu ni nyuma. Akanisogezea nafasi mbele, upande wa kulia.

"Shika, kaka," akaniambia. Nikashika.